Boga la Upande wa Pili

Mvua ya mwisho ilinyesha Jumanne,
ikanyesha kama mgeni anayeaga huku keshashika kitasa.
Tangu hapo ni ukungu tu, hapa Newala,
unapanda kutoka bonde la Ruvuma kabla jogoo hajakohoa,
unakaa juu ya mibaazi yangu
kama shuka iliyosahaulika kambani.

Nimetumbukiza fimbo kisimani:
maji yanafika fundo la nne.
Mwezi uliopita yalifika la saba.
Basi kuanzia leo mchicha utakunywa maji ya vyombo,
bamia zitakunywa maji niliyooshea mchele,
na mimi nitaoga kwa makopo mawili,
uso ukibaki ujitegemee.

Natoa vya masika, naingiza vya kipupwe.
Matango yamekwisha, yameacha kamba zao zikining'inia uani.
Kunde zimekauka hata zinapasuka zenyewe mchana,
tak, tak,
nami naitikia karibu, nikidhani mtu anabisha hodi.
Mbaazi ndiyo kwanza zinajaza tumbo.

Na boga.
Boga ndilo lililoleta maneno.

Nilipanda mimi, Januari, mbegu tatu shimo moja,
kwa samadi ya mbuzi niliyonunua kwa Nambunga.
Mmea ukatambaa,
ukapita chini ya fito za ua,
ukaenda kuzaa kwa Somoe Chilumba
kama binti aliyeolewa bila posa.

Mwezi mzima tumelitazama, kila mtu na upande wake.
Shina liko kwangu, nikasema.
Tumbo liko kwangu, akasema.
Mbegu yangu!
Na maji je? Nani alilimwagia maji ya kunawa kila jioni,
watu saba wa nyumba hii,
au wewe na kikopo chako?

Nikanyamaza.
Miaka thelathini na moja nimefundisha hesabu,
hiyo ikanishinda.

Siku zikaenda. Mabomba ya salfa yakaanza kunguruma mikoroshoni,
harufu ya kiberiti ikaingia mpaka kwenye chai.
Nikaanika makopa juu ya bati,
nikashindilia choroko kwenye dumu, majivu juu, majivu chini,
nikachuma msusa wa mwisho, ule mgumu wenye miiba laini,
nikaumenya nyuzi taratibu kizingitini,
jicho moja likiwa uani.
Boga lilikuwa limegeuka rangi,
kijani kikiachia njano, njano ikiingia vumbi.
Lilikuwa tayari. Wote wawili tulijua.

Leo asubuhi halipo.
Kimebaki kikonyo, kimekatwa kwa kisu kikali,
utomvu bado unang'aa.
Nikasimama mkono kiunoni, nikatafuta maneno.
Nikayapata. Nikayapanga toka dogo hadi kubwa
kama vitoto vya darasa la kwanza mstarini.

Adhuhuri akaja mwanawe, Shazili,
bakuli mikononi, sahani juu yake,
anatembea kwa kunyata asimwage.
"Mama kasema hii nusu ni ya wenye shina.
Na kasema bakuli lirudi."

Boga la nazi.
Tui zito limeganda pembeni, iliki imepondwa kwa haraka,
kipande kimoja kimeshika ukoko chini,
kile ambacho mpishi humwekea mtu kwa makusudi.
Nikala nimesimama, bado nina hasira kidogo.
Nikakaa.
Maneno yangu niliyatafuta tena, yalikuwa yamelala,
yamefunikwa tui.

Bakuli halirudi tupu, hilo tumefundwa.
Nimetwanga kisamvu, nimekitia karanga,
kinatokota sasa, jikoni hapaonekani kwa moshi na ukungu.

Chini ya ile sahani palikuwa na kikaratasi:
mbegu, zimeoshwa, zimekaushwa.
Nimezihesabu mara mbili. Kumi na saba.
Nimezilaza kwenye majivu.
Mvua zikirudi nitachimba shimo karibu na ua,
karibu kuliko mwaka huu.
Somoe simwambii.